Kikohozi cha Mtoto Katika Nyumba Yenye HIV: Dalili, Kinga na Hatua za Kuchukua

SOMO LA AFYA

Watoto wengi hukohoa mara kadhaa kwa mwaka, na wengi wao hupona baada ya siku chache bila dawa yoyote. Ndiyo maana wazazi wengi hawashtuki wanaposikia mtoto akikohoa usiku. Lakini kikohozi hicho hicho kinaweza kuwa mwanzo wa nimonia au kifua kikuu. Kwa mtoto anayeishi katika nyumba yenye mtu aliye na virusi vya HIV, muda wa kusubiri kuona kama kitapoa ni mfupi zaidi.

Kulingana na Shirika la Afya Duniani, WHO, nimonia iliua takriban watoto 740,000 wa chini ya miaka 5 duniani mwaka wa 2019. Hicho ni karibu kifo 1 katika kila vifo 7 vya watoto wa umri huo. Vingi vya vifo hivi vinaweza kuzuilika kwa chanjo, kwa maziwa ya mama na kwa kumfikisha mtoto kituoni mapema.

Somo hili limeandaliwa kwa wazazi, walezi na majirani katika kaunti ndogo zote 7 za Kilifi, kuanzia Rabai na Kaloleni hadi Ganze, Malindi na Magarini. Linaeleza ni watoto gani walio hatarini, jinsi ya kutambua dalili ukiwa nyumbani, na hatua zinazoweza kuokoa maisha.

Ni watoto gani walio hatarini?

Kwanza ni vyema kuondoa dhana moja. HIV haienezwi kwa kikohozi, kwa kupiga chafya, kwa kula sahani moja wala kwa kulala chumba kimoja. Mtu mwenye HIV anayemeza dawa zake vizuri anaweza kumbeba, kumlisha na kucheza na mtoto bila hofu. Vinavyosafiri hewani ni viini vya magonjwa mengine, hasa kifua kikuu, ambacho humshika kwa urahisi mtu ambaye kinga yake imepungua na hajaanza matibabu.

Watoto wanaohitaji uangalizi wa karibu ni wa makundi matatu.

Kundi la kwanza ni watoto wenye HIV. Virusi hivi hushambulia kinga ya mwili. Kiini ambacho mtoto mwingine angekishinda kwa siku tatu kinaweza kumlaza mtoto huyu hospitalini. Bila matibabu, karibu thuluthi moja ya watoto wanaozaliwa na HIV hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na nusu yao kabla ya kutimiza miaka miwili.

Kundi la pili ni watoto waliozaliwa na mama mwenye HIV lakini wao wenyewe hawakuambukizwa. Shukrani kwa dawa, hili sasa ndilo kundi kubwa zaidi kati ya watoto wanaozaliwa na akina mama wenye HIV. Wazazi wengi wakishaambiwa kuwa mtoto hana virusi hudhani kwamba hana tofauti yoyote na watoto wengine. Hata hivyo, utafiti katika nchi mbalimbali za Afrika umeonyesha kwamba watoto hawa hupata nimonia na magonjwa mengine makali mara nyingi zaidi kuliko watoto waliozaliwa na mama asiye na HIV, hasa katika miezi ya kwanza ya maisha. Mama mwenye HIV anaweza kumpa mtoto kingamwili chache zaidi akiwa tumboni. Mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo. Baadhi yao huachishwa kunyonya mapema kwa sababu ya hofu. Tena nyumba yao inaweza kuwa na mtu mwenye kifua kikuu ambaye bado hajagunduliwa.

Kundi la tatu ni watoto ambao mama yao hana HIV, lakini wanaishi na baba, shangazi, mjomba au nyanya mwenye HIV ambaye hajaanza dawa au ameziacha. Hatari kubwa kwa watoto hawa ni kifua kikuu.

Magonjwa ya kifua yanayowapata

Nimonia ya bakteria ndiyo ya kawaida zaidi. Vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu hujaa majimaji na usaha, na mtoto hulazimika kupumua haraka ili apate hewa ya kutosha. Ugonjwa huu unaweza kuendelea kutoka mafua ya kawaida hadi hali ya hatari katika siku moja au mbili.

Ipo pia nimonia inayosababishwa na kuvu aitwaye Pneumocystis. Kuvu huyu hawadhuru watoto wengi, lakini kwa mtoto mwenye HIV anaweza kuua haraka. Huwapata zaidi watoto wa miezi 3 hadi 6, umri ambao baadhi ya familia bado hazijajua kama mtoto ana virusi. Mtoto hupumua kwa shida sana, midomo huweza kugeuka rangi, na wakati mwingine hana hata joto kali mwilini.

Kifua kikuu, yaani TB, huja polepole. Mtoto hukohoa, huwa na homa isiyoisha, haongezi uzito au hupungua, na huacha kucheza kama kawaida yake. Mara nyingi mtoto hupata TB kutoka kwa mtu mzima anayeishi naye.

Surua, kifaduro na virusi vya mafua pia huweza kuishia kwenye mapafu. Na kwa mtoto mkubwa mwenye HIV ambaye hakugunduliwa mapema, kikohozi cha miezi mingi, vidole vilivyovimba nchani na kukosa pumzi anapokimbia ni dalili za ugonjwa sugu wa mapafu. Baadhi ya watoto hawa hupewa dawa za TB mara kwa mara bila nafuu. Mzazi wa mtoto wa namna hii aulize kuhusu kipimo cha HIV kama hakijafanywa.

Jinsi ya kuhesabu pumzi za mtoto

Kipimo hiki hakihitaji mashine. Unahitaji saa au simu yenye kuonyesha sekunde.

1. Subiri mtoto atulie. Usihesabu akiwa analia, ananyonya au ametoka kukimbia.

2. Inua nguo ili uone kifua na tumbo.

3. Hesabu kila mara kifua au tumbo linapopanda. Kupanda na kushuka ni pumzi moja.

4. Hesabu kwa dakika moja nzima. Usihesabu kwa sekunde 15 kisha ukazidisha, kwa sababu pumzi za mtoto mchanga hubadilikabadilika.

5. Linganisha na viwango hivi. Mtoto wa chini ya miezi 2 anapumua haraka kupita kiasi akifikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika. Mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi. Mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5, pumzi 40 au zaidi.

Kwa mtoto wa chini ya miezi 2 aliyefikisha 60, rudia kuhesabu mara moja zaidi. Ikiwa bado ni 60 au zaidi, mpeleke kituoni bila kuchelewa.

Baada ya kuhesabu, tazama sehemu ya chini ya mbavu. Mtoto mzima anapovuta hewa, kifua hutoka nje. Ikiwa sehemu hiyo inabonyea ndani kila anapovuta hewa, hiyo ni dalili ya nimonia inayohitaji kuonwa siku hiyo hiyo hata kama hesabu ya pumzi haijafika kiwango kilichotajwa.

Dalili za kumpeleka mtoto hospitalini mara moja

Usisubiri asubuhi ukiona mojawapo ya haya:

• Hawezi kunyonya au kunywa.

• Anatapika kila kitu.

• Amepata degedege.

• Amelegea, ni vigumu kumwamsha au amepoteza fahamu.

• Midomo au ulimi umegeuka rangi ya kijivu au samawati.

• Anakoroma au anatoa mlio mkali anapovuta hewa akiwa ametulia.

• Kifua kinabonyea ndani, na mtoto ana HIV au alizaliwa na mama mwenye HIV.

Dalili ya mwisho inahitaji maelezo. Kwa mtoto ambaye hana uhusiano wowote na HIV, nimonia yenye kifua kinachobonyea, bila dalili nyingine ya hatari, inaweza kutibiwa kwa amoksilini ya kumeza akiwa nyumbani na kurudishwa kukaguliwa. Mwongozo wa WHO unasema mtoto mwenye HIV au aliyezaliwa na mama mwenye HIV apewe dozi ya kwanza kisha atumwe hospitalini. Huko anaweza kupewa oksijeni, dawa za sindano, na septrini ya kiwango cha juu ikiwa daktari anashuku nimonia ya Pneumocystis.

Hii ina maana kwamba mhudumu asiyejua hali ya mama anaweza kumrudisha nyumbani mtoto aliyestahili kulazwa, ilhali amefuata taratibu zote kikamilifu. Habari iliyokosekana ilikuwa kwa familia.

Mfano wa kujifunzia

Chukua mfano wa nyanya anayelea mjukuu wa miezi 5 katika kijiji cha ndani huko Ganze. Mama wa mtoto anafanya kazi Mtwapa na hurudi mara moja kwa mwezi. Mtoto ameanza kukohoa Jumatatu. Jumatano asubuhi nyanya anamwita mhudumu wa afya ya jamii, ambaye anahesabu pumzi 58 kwa dakika.

Kiwango cha umri huo ni 50. Kwa hivyo mtoto anapumua haraka na anahitaji kufika kituoni leo.

Mhudumu anauliza, "Nyanya, kijitabu cha kliniki cha mtoto kiko wapi?" Kijitabu kimebaki na mama Mtwapa. Nyanya anajua kwamba binti yake humeza dawa kila usiku, lakini hajawahi kuambiwa ni za nini na hataki kuuliza.

Katika hali hii kuna mambo mawili ya kufanya kabla ya kuondoka. La kwanza ni kumpigia mama simu na kumwambia wazi kwamba mtoto ni mgonjwa wa kifua, na kwamba daktari atataka kujua kila kitu kilichoandikwa kwenye kijitabu. Mama anaweza kuzungumza moja kwa moja na mhudumu wa kituo kwa simu. Si lazima amweleze nyanya. La pili ni kutokusubiri kijitabu. Mtoto aende kituoni, na kijitabu kifuate.

Lakini somo kubwa lilistahili kufanyika mapema. Mtoto anapohamia kwa mlezi mwingine, kijitabu cha mama na mtoto kihame naye, pamoja na dawa zake na maelezo ya tarehe za kliniki. Mama ambaye hayuko tayari kumwambia mlezi kuhusu hali yake anaweza kuomba msaada wa mshauri wa kliniki kupanga jinsi ya kulisema.

Kinga ya kwanza: Dawa za mama na vipimo vya mtoto

Bila hatua yoyote, uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua na kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Mama akitumia dawa za ARV ipasavyo na mtoto akipewa dawa ya kinga, uwezekano huo hushuka hadi chini ya asilimia 5. Mama anayenyonyesha apimwe kiwango cha virusi kila baada ya miezi 6.

Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye HIV hupimwa akiwa na wiki 6, miezi 6 na miezi 12. Akifika miezi 18 hufanyiwa kipimo cha kingamwili. Ikiwa bado ananyonya, kipimo hurudiwa kila baada ya miezi 6, na cha mwisho hufanywa wiki 6 baada ya kuacha kunyonya kabisa. Kipimo cha wiki 6 kinachoonyesha kwamba hana virusi hakimalizi safari.

Kasi ina umuhimu wake. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba watoto wachanga walioanzishiwa ARV mara tu walipogunduliwa walipunguza hatari ya kifo kwa asilimia 76, wakilinganishwa na waliosubiri hadi kinga yao ishuke au waonyeshe dalili. Leo vipo vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji, ambavyo ni rahisi kumpa mtoto kuliko dawa chungu za zamani.

Kinga ya pili: Septrini

Kila mtoto aliyezaliwa na mama mwenye HIV huanza septrini akiwa na wiki 6. Dawa hii humkinga dhidi ya nimonia ya Pneumocystis na maambukizi mengine. Huendelea nayo hadi ithibitishwe kwamba hana HIV na ameacha kunyonya. Mtoto mwenye HIV huendelea kwa muda atakaoelekezwa na daktari.

Huenda septrini ikaonekana kama dawa ya kawaida, lakini utafiti uliofanywa Zambia na kuchapishwa mwaka wa 2004 ulionyesha kwamba watoto wenye HIV waliopewa septrini kila siku walikuwa na vifo vichache kwa asilimia 43 kuliko wale ambao hawakupewa.

Septrini ya kila siku ni ya kinga. Mtoto akipata nimonia, haitoshi kuwa tiba, na mzazi asimwongezee dozi nyumbani. Ampeleke kituoni na aseme kwamba tayari anatumia septrini.

Kinga ya tatu: Chanjo

Wakazi wa Kilifi wana sababu ya pekee ya kuziamini chanjo za nimonia, kwa kuwa ushahidi ulikusanywa hapa hapa. Kenya ilianza kutoa chanjo ya PCV, inayokinga dhidi ya bakteria wa nyumokokasi, mwaka wa 2011. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi walifuatilia watoto waliolazwa kabla na baada ya chanjo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2019 yalionyesha kwamba ugonjwa mkali unaosababishwa na aina za bakteria zilizo kwenye chanjo hiyo ulipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5.

Ratiba ya chanjo zinazolinda kifua ni hii:

• Anapozaliwa: BCG. Haizuii kila aina ya TB, lakini humlinda mtoto dhidi ya TB kali inayoshambulia ubongo au kuenea mwilini. Ikiwa mtoto anajulikana kuwa na HIV au ana dalili za ugonjwa, mwambie muuguzi kabla ya kudungwa.

• Wiki 6, 10 na 14: PCV, pamoja na chanjo ya magonjwa matano inayojumuisha kifaduro na bakteria wa Hib.

• Miezi 6: dozi ya ziada ya surua kwa mtoto aliyezaliwa na mama mwenye HIV.

• Miezi 9 na miezi 18: surua na rubela kwa watoto wote.

Dozi ya miezi 6 ndiyo rahisi kusahaulika kwa kuwa watoto wa majirani hawaipati. Fungua kijitabu uangalie kama imeandikwa. Ikiwa mtoto amekosa chanjo yoyote, mpeleke hata kama tarehe imepita.

Kinga ya nne: Maziwa ya mama

Mama mwenye HIV anayetumia ARV anashauriwa kumnyonyesha mtoto maziwa yake pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Bila maji, bila uji, bila maziwa ya ng'ombe. Baada ya hapo aongeze vyakula vingine huku akiendelea kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi, mradi anameza dawa zake.

Maziwa ya mama hupunguza nimonia na kuhara. Kumchanganyia mtoto mchanga maziwa ya mama na vyakula vingine kabla ya miezi 6 huongeza hatari ya maambukizi ya HIV na ya magonjwa mengine. Nyanya, mama mkwe na mume wana sehemu yao hapa. Mara nyingi ni wao wanaosisitiza mtoto apewe maji au uji kwa kuwa "maziwa hayamtoshi".

Kinga ya tano: Kukata mnyororo wa TB

Mtu mmoja nyumbani akigunduliwa kuwa na TB, kila anayeishi naye achunguzwe, watoto wakiwa wa kwanza. Mtoto asiye na TB hupewa dawa za kuzuia ugonjwa, kwa miezi 3 au 6 kulingana na aina ya dawa. Watoto wa chini ya miaka 5 wana haki ya dawa hizi hata kama hawana HIV, kwa sababu miili yao hushindwa haraka na TB kali.

Kwa mtoto mwenye HIV, usisubiri kikohozi kifikishe wiki mbili. Kikohozi cha muda wowote kinatosha kuomba uchunguzi wa TB. Watoto wadogo hawawezi kutoa makohozi kwa urahisi, kwa hiyo usishangae ukiombwa kinyesi cha mtoto kwa ajili ya kipimo cha GeneXpert, au ukitumwa kupigwa picha ya kifua.

Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuanza kutumia, mwaka wa 2016, dawa za TB zilizotengenezwa mahususi kwa watoto, zinazoyeyuka kwenye maji na zenye ladha ya matunda. Ikiwa mtoto anatumia ARV na dawa za TB kwa pamoja, hakikisha kliniki zote mbili zinajua, kwa sababu dozi ya ARV inaweza kuhitaji kubadilishwa.

Mtu mzima anayekohoa afunike mdomo, alale chumba tofauti na watoto inapowezekana hadi daktari aseme yuko salama, na madirisha yawe wazi mchana.

Kinga ya sita: Moshi na usafi

Katika nyumba nyingi bado kuni na makaa ndiyo nishati ya kupikia. Moshi wa jikoni huumiza njia ya hewa ya mtoto na karibu kuongeza maradufu hatari ya nimonia. Si kila familia inaweza kununua gesi leo, lakini kila familia inaweza kufanya haya: kupikia nje au kwenye jiko lililo wazi pande mbili, kutumia kuni zilizokauka, kutokumbeba mtoto mgongoni wakati wa kupika, na kutokulaza mtoto chumba chenye mafiga. Asivute mtu sigara ndani ya nyumba. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto mchanga, na mgeni mwenye mafua asimbusu.

Makosa yanayochelewesha matibabu

Mtoto anapokohoa, akakonda na kudhoofika, baadhi ya familia husema ana chirwa, na lawama huwaendea wazazi kwamba wamevunja mwiko. Mama huona aibu na kumficha mtoto. Wengine wakiona degedege husema ni nyuni na kuanzia kwa mganga. Familia ina uhuru wa kufuata mila zake, lakini mtoto mwenye dalili zilizotajwa afike hospitalini kwanza. TB, HIV na utapiamlo vina vipimo na vina tiba, na vyote vinaweza kumkondesha mtoto.

Makosa mengine ni kutumia amoksilini iliyobaki kutoka kwa mtoto mwingine, kununua nusu dozi dukani, kutegemea dawa ya kikohozi ya chupa, na kuacha dawa mtoto anapopata nafuu siku ya pili.

Usiri wa mgonjwa

Hofu ya kujulikana ndiyo sababu ambayo wazazi wengi hawasemi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi ya mwaka wa 2006 inakataza kufichua hali ya mtu bila idhini yake, na pia inakataza ubaguzi. Mzazi ana haki ya kuomba kuzungumza na mhudumu faraghani, mbali na foleni. Anaweza kuonyesha ukurasa wa kijitabu badala ya kusema kwa sauti.

Mahali pa kupata msaada

Anza na mhudumu wa afya ya jamii, maarufu kama CHP, katika kijiji chako. Anaweza kuhesabu pumzi, kuangalia kijitabu na kukutuma zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wagonjwa wanaohitaji oksijeni au kulazwa hutumwa katika hospitali kubwa kama zile za Kilifi, Malindi na Mariakani. Chanjo za watoto, ARV, na dawa za TB hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.

Kwa familia zilizo mbali na barabara, panga kabla ya ugonjwa kuja. Weka nambari ya mwendesha bodaboda anayekubali safari za usiku, kubaliana na jirani atakayebaki na watoto wengine, na weka kijitabu mahali ambapo kila mtu mzima nyumbani anaweza kukipata.

Maswali ya kujipima

Vikundi vya akina mama, vikundi vya wanaume na mabaraza ya vijiji wanaweza kuyajadili maswali haya.

1. Mtoto wa miezi 8 anapumua mara 52 kwa dakika akiwa ametulia. Je, ni kawaida?

Jibu: La. Kiwango cha umri wake ni 50. Apelekwe kituoni siku hiyo.

2. Mtoto alipimwa akiwa na wiki 6 na hakuwa na HIV. Bado ananyonya. Je, aache septrini?

Jibu: La. Anaendelea hadi vipimo vya baadaye vithibitishe hana HIV na awe ameacha kunyonya.

3. Baba amegunduliwa kuwa na TB. Mtoto wa miaka 3 hakohoi. Je, kuna haja ya kumpeleka kliniki?

Jibu: Ndiyo. Achunguzwe, na asipokuwa na TB apewe dawa za kuizuia.

4. Mama mwenye HIV anayemeza ARV anaogopa kunyonyesha, akafikiria kuanza uji mtoto akiwa na miezi 3. Ashauriwe nini?

Jibu: Aendelee na maziwa yake pekee hadi miezi 6, ameze dawa zake kila siku, apimwe kiwango cha virusi, na azungumze na mhudumu wa kliniki kuhusu hofu yake.

5. Kifua cha mtoto aliyezaliwa na mama mwenye HIV kinabonyea ndani. Ni jambo gani ambalo mhudumu lazima aambiwe?

Jibu: Kwamba mama ana HIV. Habari hiyo ndiyo itakayoamua kama mtoto atatumwa hospitalini.